Kuinuka Sakafuni Bila Mkono Wako

Busanza, Kigali, alasiri, kabla hujarudi

Mwanangu Shamimu,

Kuandikiwa barua na mjomba uliyemwekea chai mezani asubuhi hii hii ni kichekesho, najua. Cheka kwanza, halafu usome.

Nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki, mto mgongoni kama ulivyonionyesha. Wewe uko Kacyiru unarudisha kitambulisho cha ofisi na kuaga wenzako. Begi lako liko mlangoni, zipu imefungwa nusu. Tiketi ya basi umeibana chini ya kopo la sukari, kana kwamba itapeperuka. Na asubuhi ulisimama hapo hapo, viatu mkononi, ukaniambia: "Mjomba, leo usiku nikikusikia unagumia hata mara moja, natoa nguo kwenye begi. Siendi Arusha."

Ndiyo maana naandika. Mdomo wangu unaujua, ukiufungua yanatoka malori. Kalamu ni nzito kwangu, niliishia darasa la tano na mkono huu umezoea usukani. Kila neno linanitoa jasho, na uongo unataka maneno mengi. Hapa sitaweza.

Mambo ya safari sikuambii. Dirisha la upande gani halina jua, wapi pa kula na wapi chipsi zimelala tangu jana, utauliza watu. Barabara hiyo nimeiendesha miaka kumi na tisa. Ukikuta mahali imenyooka, ni mimi niliyeinyoosha.

Umeona? Nimeanza. Ngoja nirudi.

Ulianza wewe, si mimi. Ulikuwa unarudi kutoka kazini shingo imekaza kama mpini wa jembe, unajilaza gizani na kitambaa cha maji usoni, hutaki hata redio. Mimi nilifikiri ni mambo ya mchumba. Halafu ukaniambia ofisini wameletewa dada mmoja kila Jumatano, wanasogeza meza za mikutano, wanatandika mikeka, wanafanya yoga. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikakuuliza, "Watu wazima, wenye shahada, mnalala chini ya meza?" Baada ya wiki kadhaa nilikusikia unaimba huku unaosha vyombo, na nilikuwa nimesahau kwamba unajua kuimba.

Siku moja ukaleta ule mkeka wa kijani, ukasema, "Mjomba, na wewe."

"Mimi? Mgongo huu uliozuia lori?"

"Huo huo uliozuia lori. Ulete hapa chini."

Kwanza ulinipeleka kwa daktari, hilo nakushukuru. Akaniangalia picha, akasema pingili za chini zimelika, hakuna haja ya kupasua, na wala hazitarudi kuwa mpya. Nitembee, nijinyooshe taratibu, nipunguze kulala mchana kutwa na kumeza dawa za maumivu kama karanga. Nje nikakuambia daktari kasema hajawahi kuona mgongo wa namna hii Afrika nzima. Ulikuwa umekaa ndani na mimi, Shamimu, ulisikia alichosema. Ukanishika mkono tu, ukasema, "Sawa Mjomba, Afrika nzima."

Basi tukaanza. Nilale chali, miguu juu ya kiti, kitenge kimekunjwa chini ya shingo. Pumzi ndani kwa nne, nje kwa sita. Nikasema hii si mazoezi, huu ni ulalaji wa kitajiri. Halafu lile la paka, magoti na viganja chini, mgongo unaupandisha, unaushusha. Ulinikataza kushindana. "Panapouma, rudi nyuma kidogo, hapo ndipo pako leo." Mimi maisha yangu yote panapouma ndipo nilipokanyaga mafuta.

Halafu lile mnaloliita la mtoto. Unakaa juu ya visigino, unainama, paji la uso linagusa mkeka, mikono mbele. Wewe ulikuwa unanifundisha mazoezi tu. Hukujua kwamba nilikuwa na miaka mitatu naswali juu ya kiti, msikitini nimejibanza nyuma na wazee waliokwisha kabisa. Wakiniuliza nasema nawaachia wengine nafasi za mbele. Siku ile paji la uso liliposhuka likagusa chini, sikutaka kuliinua. Ukaniuliza, "Mjomba, umelala?" Nikasema nafikiri. Sikuwa nafikiri. Kesho yake uliuanika mkeka juani pale nilipoulowesha, ukasema ni jasho.

Sasa, kitu kigumu kuliko yote hakikuwa zoezi lolote. Kilikuwa kuinuka. Tukimaliza unasimama mbele yangu, unanipa mkono, "Moja, mbili, twende!" na mimi napanda kama gari lililovutwa kutoka mtaroni. Miezi saba, kila jioni. Sijawahi kuinuka kwenye sakafu hii bila mkono wako, hata mara moja. Kule dukani kwangu Muhima, nikikaa kwenye matairi yangu ya kuuza, nilikuwa nawaambia wenzangu nakunja mguu mpaka nyuma ya sikio. Gaspard, jirani yangu muuza betri, akasema, "Yewe Muzee Rajabu, kunja basi tuone."

"Hapa pachafu."

"Tutatandika katoni."

"Yoga haifanywi juu ya katoni, wewe. Inataka heshima."

"Muzee, juzi kamba ya kiatu iko ilifunguka, ni nani aliifunga? Si mimi?" Wakacheka mtaa mzima, hata wateja. Nikacheka nao. Kumbe lilichoma.

Lakini mazoezi ya mwili nilikubali upesi. Kilichonishinda ni kile kimya cha mwisho. Unakumbuka? Dakika kumi, macho yamefumbwa, unapitisha fikra mwilini kuanzia vidole vya miguu, unapanda polepole, huongei. Ulikuwa unafungua jicho moja.

"Mjomba, kimya."

"Nimenyamaza."

"Midomo inacheza."

"Naswali."

"Unamsimulia mtu hadithi."

Ni kweli, nilikuwa namsimulia mtu hadithi. Sasa nikuambie ni nani, na kwa nini nilikuwa nikifika kiunoni nasema maji yanachemka jikoni, nainuka, yaani nadai mkono.

Nikifika kiunoni anakuja mama yako.

Ile hadithi ya lori unaijua kuliko jina lako. Breki zimekufa kilimani, mimi nimeruka chini, nimeweka mgongo nyuma ya tela tani thelathini mpaka watu wakaleta mawe. Nimeisimulia Muhima, nimeisimulia kwenye harusi, ulipokuwa shule ya msingi uliwasimulia wenzako mpaka mwalimu akaniita. Haikutokea, mwanangu. Hakuna kilima. Hakuna mawe.

Kilichotokea ni hiki. Nilikuwa natoka Dar na mzigo wa kuja Kigali. Nimefika njia panda ya Nzega, simu ikaita, jirani yenu wa Ujiji. Akasema, "Rajabu, Mwajuma hali mbaya, anakuulizia wewe." Pale Nzega barabara zinaachana. Moja inakwenda Tabora mpaka Kigoma, kwa dada yangu. Nyingine inakuja huku. Tajiri wangu alikuwa ameniahidi lori jipya nikiufikisha ule mzigo kwa wakati, na mimi nilikuwa nimeshawatangazia watu wote kuhusu hilo lori, hata rangi nimeshaitaja. Nikamwambia jirani, "Mwambieni nashusha mzigo kwanza, nakuja." Nikakanyaga mafuta.

Nilifika Ujiji siku ya nne baada ya mazishi. Ulikuwa na miaka saba. Umekaa kwenye kitanda chake, ndara umevaa kushoto kulia na kulia kushoto, na hapakuwa na mtu wa kukurekebisha. Ukaniangalia, hukulia. Ukasema, "Mjomba, mbona umechelewa?"

Hapo ndipo lori lilipozaliwa. Niliinama nikubadilishe ndara, na wakati nimeinama nikasikia kitu chini ya mgongo kama waya umekatika. Sikuweza kunyooka. Na wewe bado unaniangalia, unangoja jibu. Nikasema, "Lori lilitaka kuua watu, mwanangu. Nimelizuia na mgongo, ona." Ukanigusa pale panapouma kwa mkono wako mdogo, ukasema pole. Ulinisamehe kwa kitu ambacho hakikutokea, na nimekula msamaha huo miaka kumi na nane.

Sisemi kwamba maumivu ni ya hilo tu. Pingili zimelika, picha nimeiona, miaka kumi na tisa kwenye kiti cha lori haimwachi mtu salama. Lakini siku nilipomwacha Mwajuma aje mpaka mwisho wa zile dakika kumi, nisikimbilie jikoni, nisimpe hadithi, nikamwambia tu, "Nilichagua lori," mgongo uliuma vile vile, ila nilikuwa nimeacha kuukazia. Sijui kukueleza zaidi. Ni kama umebeba gunia, halafu unagundua na meno ulikuwa umeyauma. Gunia lipo, meno umeyaachia. Usiku ule nililala mpaka adhana ya alfajiri.

Sasa umuganda. Jambo hili ndilo baya kuliko yote, na ni la juzi tu.

Wiki ile uliniambia umepata kazi Arusha, na ukasema umeikubali kwa sababu mimi nimepona. Nani alikuambia nimepona? Mimi. Nilikuambia mgongo sasa ni wa kijana, ningeweza kulima ekari. Ikaja ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa mzima tumetoka kwa umuganda, kuchimba mtaro wa pamoja. Mkuu wa mudugudu, mtaa wetu, kwa heshima yake akaniambia, "Muzee, wewe kaa hapa utuhesabie majembe." Watu wanasikia. Wewe unasikia. Nikaenda kwenye lile jiwe ambalo vijana wawili walikuwa wanalizunguka, nikalikumbatia.

Uliona mwenyewe. Nilibaki nimeinama kama mtu anayetafuta sindano, na watoto waliponiuliza nikawaambia ndiyo, natafuta sindano, wakaanza kunisaidia kuitafuta. Ulinirudisha nyumbani hatua kwa hatua, ngazi moja moja, unasema tu, "Ihangane, Mjomba, ihangane," vumilia, kwa Kinyarwanda, kama unavyofanya ukiogopa. Na uliponilaza ukasema, "Siendi."

Mwanangu, mgongo ulikuwa unawaka moto, na moyo wangu ukafurahi. Uliposema siendi, nilifurahi.

Siku tatu za kwanza maumivu yalikuwa ya kweli. Siku nne zilizofuata nilikuigizia. Nilikuwa nasikia ufunguo wako mlangoni, naanza kugumia. Ukienda kazini nainuka kitandani, nashikilia ukuta, natengeneza chai, nanywa, nasuuza kikombe, narudi kulala. Nilimfanya dada yangu angoje kwa ajili ya lori, na sasa nilikuwa namfanya mtoto wake angoje kwa ajili ya kugumia. Siku ya nane ulikaa kwenye mkeka peke yako, shingo imekaza tena kama zamani, ukaweka kitambaa cha maji usoni. Nikakuona kutoka kitandani. Nikaacha. Kesho yake nikasema nafuu imekuja. Tiketi ukakata, lakini hukuniamini sawasawa, na ulikuwa na haki.

Kwa hiyo tuseme ukweli tugawane. Sijapona, na sitapona. Kuna siku nzuri na siku mbovu. Ile yoga haikuniondolea maumivu, imenifundisha kukaa nayo chumba kimoja bila kupigana. Ukifika Arusha na shingo ikaanza, usifanye kama mjomba wako, usisubiri mpaka watu wakukute umeinama. Sema mapema, sema kidogo, kwa mtu mmoja. Mimi nimejaribu juzi. Nimeshuka ngazi kwa Mama Keza, pale chini yetu, nimemwambia, "Nikigonga sakafu na fimbo mara tatu, ujue nimekwama chini, siwezi kuinuka." Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa.

Akasema, "Muzee, miezi saba nasikia moja, mbili, twende. Nilikuwa najiuliza huyu binti akienda itakuwaje. Gonga tu, nina ufunguo gani?"

Nimempa ule wa akiba. Sikumsimulia lori.

Na leo. Ulipoondoka tu nilibandika wali, nikapunguza moto, nikatandika mkeka wangu. Wako wa kijani umeshaukunja, umeufunga kamba, na chumba kilionekana kikubwa kwa namna ambayo sikuipenda. Nikafanya lile la kiti, nikafanya la paka, nikakaa kimya changu. Friji inanguruma, chini redio ya Mama Keza, basi. Hapakuwa na wa kufungua jicho moja aniambie midomo inacheza. Ndiyo maisha yatakavyokuwa, nikajiambia, na sikutengeneza hadithi juu yake.

Halafu nikataka kuinuka.

Ningekuwa nasimulia Muhima ningesema niliruka kama swala. Nilijigeuza ubavu. Nikapumzika. Nikapanda kwenye viganja na magoti, nikavuta kiti, nikakiegemea, kikateleza, nikarudi chini. Fimbo ilikuwa karibu. Niliishika. Nikasikia harufu ya wali unashika chini, nikafikiri, gonga tu, Rajabu, si ndiyo makubaliano. Ningegonga, walahi, na nisingeona haya. Lakini kwanza nikahesabu pumzi, nne ndani, sita nje, mara nyingi, sijui ngapi. Wali ukaanza kunuka kabisa. Nikasukuma kiti mpaka ukutani kisiteleze. Goti moja juu. Mikono kwenye kiti. Nikasema kwa sauti, moja, mbili. Nikasimama.

Nikageuka nikuambie.

Nilisimama pale muda, mwanangu, nimegeukia mlango na begi lako. Halafu nikaenda kuzima jiko. Nilitaka kukuambia nilipitiwa na usingizi, au kwamba kuna aina mpya ya wali unaopikwa hivyo, hadithi ilishaanza kujitunga yenyewe. Lakini hadithi zangu zote miaka hii hazikuwa na shahidi, na hii ina sufuria. Iko juu ya jiko, ukoko umekuwa lami. Iangalie ukiingia. Muda wote ule, kutoka wali kukauka mpaka kuwa mkaa, ndio muda unaonichukua kuinuka bila mkono wako. Ni mrefu. Lakini una mwisho.

Usiisugue. Nitaisugua mwenyewe kesho, nitahitaji kazi ya kufanya.

Mkifika Nzega, muulize jirani yako kwenye basi barabara ya Tabora ni ipi. Iangalie tu wakati mnaipita. Usinisamehe haraka kama ulivyofanya ukiwa mdogo, safari hii chukua muda wako. Vuta pumzi, endelea na safari.

Leo usiku nitagumia, Shamimu, kwa sababu panauma. Nikigumia, geukia ukutani ulale.

Ukimaliza kusoma hapa, funga zipu ya begi.

Mjomba wako,
Rajabu